Mficha Maradhi Kilio Humfichua: Namna ya Kusoma Riwaya za Kutisha Zenye Siri za Ukoo

Riwaya za kutisha za miaka ya karibuni, zile za nyumba zenye mizuka na koo zenye siri, huachwa njiani na wasomaji wengi, na sababu karibu daima ni ileile. Mtu anafungua kitabu akitarajia kushtushwa. Anafika ukurasa wa 80, bado mama na binti wanabishana juu ya vyombo vya marehemu bibi. Hakuna mlango uliojifunga wenyewe, hakuna nyayo darini. Anakiweka chini na kusema hakitishi. Kumbe kitisho kimeshampita mara tano kikiwa kimevaa nguo za kila siku: picha iliyokatwa upande mmoja, jina ambalo kila likitajwa mtu fulani anaondoka mezani, chumba ambacho "siku hizi tunakitumia kama stoo".

Katika riwaya hizi mzimu ni shahidi. Umekuja kusema jambo ambalo walio hai walikubaliana lisisemwe. Kwa hiyo swali la kubeba tangu ukurasa wa kwanza ni hili: nani alinyamaza, na kunyamaza kulimpatia nini? Ukilishika swali hilo, zile kurasa 80 za mabishano ya vyombo zinaanza kukutia baridi. Ukiling'ang'ania swali la "mzimu huu ni wa nani", utalipata jibu nusu ya kitabu, kisha nusu iliyobaki utaiona ndefu bure.

Siri ziko za aina tatu

Siri za ukoo katika riwaya hizi karibu zote zinaingia katika mafungu matatu, na kila fungu lina alama zake.

Kuna siri ya tendo: mtu aliuawa, alitelekezwa, alisalitiwa. Alama yake ni mahali panapokwepwa. Watu wanazunguka njia ndefu bila sababu, bustani ina kona isiyoguswa, kuna mwezi mmoja wa mwaka ambao baba huwa "hajisikii vizuri". Kuna siri ya nasaba: mtoto si wa anayeitwa baba yake, anayeitwa dada ndiye mama mzazi. Alama yake ni hesabu za umri zinazogoma na sura zinazofanana pasipo na undugu unaotajwa. Halafu kuna siri ya mali, na hii ndiyo waandishi wa sasa wameivalia njuga kuliko nyingine zote. Alama yake ni nyumba kubwa kuliko kazi yoyote inayotajwa kuwa iliijenga.

Chukua Mexican Gothic ya Silvia Moreno-Garcia, iliyotoka 2020. Msichana Noemí anakwenda kumwona binamu yake aliyeolewa na ukoo wa Kiingereza, akina Doyle, katika jumba liitwalo High Place huko Meksiko ya miaka ya 1950. Mapema kabisa msomaji anaambiwa utajiri wa akina Doyle ulitoka kwenye mgodi wa madini ya fedha, kwamba mgodi umefungwa, na kwamba wachimbaji wengi walikufa kwa maradhi. Wasomaji wengi huzipita sentensi hizo kama maelezo ya mandhari tu. Ukiona riwaya inakuonyesha utajiri kabla ya kukuonyesha mzuka, simama hapo hapo uulize: nani alichimba, amezikwa wapi, na watoto wake walipewa nini?

Mara nyingi siri moja hujificha nyuma ya nyingine. Mwandishi atakuachia siri ya nasaba uigundue mwenyewe karibu na katikati ya kitabu, ujisikie hodari, ili usiangalie tena upande wa mali au wa tendo. Kwa hiyo siri inayofichuka kabla ya theluthi mbili za kitabu, ichukulie kuwa kifuniko cha siri nyingine.

Karatasi moja ya kukunja

Kama utachukua jambo moja tu katika makala haya, chukua hili. Chukua karatasi ya A4, ikunje mara mbili upate robo nne, uitumie pia kama alamisho. Daftari zima halifai. Utaandika mengi mno, utageuka karani, na ifikapo sura ya sita utakuwa umechoka na daftari pamoja na kitabu. Robo nne zinakulazimisha kuchagua.

Robo ya kwanza ni mti wa ukoo. Ya pili ni miaka. Ya tatu ni ramani ya nyumba. Ya nne ni orodha ya maswali yaliyoulizwa na hayakujibiwa. Tumia penseli, kwa sababu robo ya kwanza utaifuta na kuichora upya si chini ya mara mbili.

Kwenye mti wa ukoo Kiswahili kinatupa silaha ambayo Kiingereza hakina. Riwaya ya Kiingereza ikisema "uncle", haijasema kitu. Huyo anaweza kuwa mjomba, baba mkubwa, baba mdogo, au mume wa shangazi. "Grandmother" naye hajulikani ni mzaa mama au mzaa baba. Wewe usimwandike mtu kwenye mti mpaka ujue upande wake. Andika jina na uweke alama ya kuuliza. Utashangaa ni mara ngapi alama hiyo hubaki mpaka kurasa 200 zimepita, na mara ngapi siri yenyewe imelala hapo, katika ule mstari ambao mwandishi hakuuchora. Kama kitabu kimechapisha mti wa ukoo kwenye kurasa za mwanzo, utazame vizuri kabla ya kuanza: nani hana mwaka wa kufa, nani jina lake halina mwenzi wala mtoto, nani ametajwa kwa jina la utani peke yake.

Robo ya miaka ndiyo yenye kazi. Andika kila mwaka au umri unaotajwa, hata kwa mzaha, kisha toa na jumlisha. Tuseme hadithi inaanza 1998. Mama anatajwa kuwa na miaka 52. Mahali pengine, katika maongezi ya jikoni, anasema yeye na mumewe walioana mwaka uleule nyumba ilipokamilika, na kwenye jiwe la msingi pameandikwa 1969. Sura mbili baadaye kaka mkubwa anatimiza miaka 31. Fanya hesabu: mama alizaliwa 1946, aliolewa akiwa na miaka 23, na kaka amezaliwa 1967, miaka miwili kabla ya ndoa. Hakuna aliyekuambia kitu. Yawezekana ni kosa la uhariri, na makosa ya namna hiyo yapo. Lakini katika aina hii ya vitabu, hesabu inapogoma mara moja weka nukta. Ikigoma mara ya pili kwa mtu yuleyule, hilo limepangwa.

Ramani ya nyumba isikupotezee muda. Mistari minne, mlango wa mbele, ngazi, dari, chumba cha chini kama kipo. Unachotafuta ni mlango unaotajwa bila chumba nyuma yake, au chumba ambacho mtu anaingia na hatuonyeshwi alivyotoka. Shirley Jackson alipoandika The Haunting of Hill House mwaka 1959, aliifanya kila pembe ya jumba iwe imepinda kidogo tu, kiasi ambacho jicho halioni lakini mwili unahisi. Waandishi wengi baada yake wameendelea na ujanja huo. Ukiona unashindwa kuichora nyumba ikakaa sawa, usijilaumu, andika pembeni kwamba haikai.

Robo ya nne, maswali yasiyojibiwa, ndiyo inayodharauliwa zaidi na ndiyo yenye thamani kuliko zote. Mtoto anauliza, "Kwa nini bibi hakuwahi kuja hapa?" Mama anajibu, "Umeshakula?" Andika swali, andika ukurasa, andika nani alikwepa. Baada ya sura tano hesabu majina. Mtu ambaye jina lake limejirudia mara nyingi zaidi upande wa kukwepa si lazima awe mkosaji. Mara nyingi ni yule aliyelipa gharama kubwa kuliko wote kwa ajili ya ukimya, na hasira za mzimu humwendea yeye kwanza kwa kuwa ndiye aliye karibu.

Nambari inayokosekana

Nyingi ya riwaya hizi zimetoka katika tumbo moja, Beloved ya Toni Morrison ya 1987. Si mpya, lakini inastahili kutazamwa kwa karibu kwa sababu inaonyesha jinsi siri inavyoweza kuwekwa mbele ya macho yako.

Mwaka ni 1873. Nyumba iko nje kidogo ya Cincinnati, jimbo la Ohio, namba 124 katika barabara ya Bluestone. Kitabu hakiiiti nyumba hiyo kwa jina lolote ila namba yake, 124, tena na tena, mpaka namba inakuwa kama jina la mtu. Anayeishi humo ni Sethe, aliyetoroka utumwa, na nyumba inasumbuliwa na roho ya mtoto mchanga. Sethe alizaa watoto wanne. Sasa isome namba tena polepole: moja, mbili, nne. Tatu haipo. Na mtoto aliyekufa ni wa tatu.

Hilo limewekwa tangu mwanzo kabisa. Msomaji anayetafuta mzuka atalipita bila kuliona. Anayetafuta kilichoachwa kando ataligundua akiwa na penseli mkononi, akiandika watoto kwa mpangilio wa kuzaliwa. Nyuma ya riwaya hiyo kuna mwanamke wa kweli, Margaret Garner, aliyetoroka kutoka Kentucky Januari 1856 akavuka mto Ohio ulioganda, na walipozingirwa akamuua binti yake ili asirudishwe utumwani. Morrison hakuandika maisha ya Garner. Alichukua tendo lile akauliza nyumba yenye tendo kama hilo ndani yake ingekaliwaje.

Sheria za nyumba

Mgeni anapofika kwenye jumba la riwaya ya kutisha, atapewa sheria kabla ya kuonyeshwa mizuka. Ziorodheshe. Huko High Place, Noemí anakuta chakula cha jioni huliwa kimya, sigara hazitakiwi, na kumwona binamu yake mwenyewe kuna saa zake. Kila sheria ya namna hii ilitungwa baada ya jambo fulani kutokea, kama vile bango la "usiogelee hapa" lilivyo na historia yake. Jiulize sheria inamlinda nani. Ikiwa inamlinda mgeni, nyumba ina hatari. Ikiwa inamlinda mwenye nyumba dhidi ya mgeni, nyumba ina siri. Tofauti hiyo huonekana mapema, mara nyingi ndani ya kurasa 50 za mwanzo.

Mambo hayo yapo pia katika hadithi zisizo na majumba makubwa. How to Sell a Haunted House ya Grady Hendrix, ya 2023, inahusu kaka na dada, Mark na Louise, wanaokutana tena Charleston baada ya wazazi wao kufariki ili waiuze nyumba ya kawaida iliyojaa vikaragosi na wanasesere wa mama yao. Mlango wa dari umepigiliwa mbao. Watu wengi wanakodolea macho dari. Mimi ningekushauri ukodolee macho jambo jingine: ndugu hawa wawili wanakumbuka utoto wao kwa namna mbili, na kila mmoja ana uhakika. Igawe karatasi yako upande mmoja "Louise anakumbuka", upande wa pili "Mark anakumbuka". Mahali kumbukumbu mbili zinapogongana ndipo pa kuchimba. Hendrix ameigawa riwaya kwa zile hatua tano za majonzi, kuanzia kukataa hadi kukubali, kwa hiyo ukijua umo katika hatua gani utajua pia ni aina gani ya uongo wahusika wanajiambia kwa wakati huo.

Barua, shajara na mikanda

Hapa ndipo wasomaji hupotea kuliko popote. Riwaya nyingi za aina hii zina nyaraka ndani yake: barua, shajara, wosia, mahojiano, kurasa za gazeti. Mwandiko wa kale unachosha, msomaji anaruka ili arudi kwenye hadithi "yenyewe". Akiruka, amekwisha, kwa sababu waraka ndio hadithi yenyewe.

Kila waraka uulize maswali manne: nani aliandika, alimwandikia nani, uliandikwa lini baada ya tukio, na ulitunzwa au kufichwa wapi mpaka ukapatikana. Swali la nne ndilo linalosahaulika. Barua iliyokaa kwenye kabati la mpokeaji na barua iliyokutwa ndani ya ukuta ni vitu viwili tofauti hata kama maneno yake ni yaleyale. Mtu aliyetaka kuiharibu angeichoma. Aliyeificha alitaka isomwe, ila isisomwe yeye akiwa hai.

The Buffalo Hunter Hunter ya Stephen Graham Jones, iliyotoka 2025, ni darasa zima la jambo hili. Mwaka 2012 msomi mmoja anapata shajara ya babu wa ukoo wake, mchungaji wa Kilutheri wa huko Montana, iliyokutwa imefichwa ukutani. Shajara ni ya 1912. Ndani yake mchungaji anaandika maungamo ya Good Stab, mtu wa taifa la Blackfeet, wenyeji asilia wa Amerika, na maungamo yanarudi nyuma hadi karne ya 19, yakizunguka mauaji ya kweli ya mto Marias, tarehe 23 Januari 1870, ambapo wanajeshi wa Marekani waliua takriban watu 200 wa Blackfeet, wengi wao wanawake, watoto na wazee. Kwa hiyo unasoma sauti ndani ya sauti ndani ya sauti. Ukipotea, tatizo karibu daima ni moja: umesahau nani ameshika kalamu. Weka alama pembeni kwa herufi moja kila sura inapobadilisha msemaji. Good Stab anapozungumza, maneno yake yamepita mkononi mwa mchungaji, na mchungaji ana sababu zake za kuchagua nini cha kuandika. Lugha ya Good Stab nayo inaita wanyama na watu kwa majina yake mwenyewe. Usikimbilie kamusi kila mara. Soma kurasa 30 na utakuwa umeyazoea.

Miaka iliyovurugwa makusudi

Mbinu rejeshi ya kawaida, yaani hadithi kurudi nyuma kidogo, haisumbui. Kinachosumbua ni riwaya ambayo sehemu zake nzima zimepangwa nje ya wakati. Mfano mkubwa ni Our Share of Night ya Mariana Enriquez wa Argentina, iliyotoka kwa Kihispania 2019 na kuingia Kiingereza kwa tafsiri ya Megan McDowell. Inaanza Januari 1981, baba Juan na mwanawe mdogo Gaspar wakisafiri kwa gari kuelekea kaskazini mwa nchi wakati wa utawala wa kijeshi. Inasonga hadi miaka ya 1985 na 1986. Kisha, umeshazama, inakurudisha 1960 hadi 1976 kwa sauti ya mama ambaye ulishaambiwa amekufa. Halafu inaruka hadi 1993, kwa makala ya mwandishi wa habari juu ya kaburi la halaiki.

Makosa mawili hufanyika hapa. La kwanza ni kujaribu kusoma sehemu kwa mpangilio wa miaka. Usifanye hivyo. Enriquez amekufichia mama mpaka umpende mtoto, ndipo anakuonyesha mama alikubali nini. Ukianza na 1960 utamwona mama kama mhalifu, basi. La pili ni kuichukulia sehemu ya 1993 kama nyongeza. Serikali iliyoteka watu na kuficha maiti kati ya 1976 na 1983, na ukoo tajiri unaotoa watu kafara, vinakutana kwenye shimo moja, na sehemu hiyo ndiyo inayolifunua.

Historia ya kweli isomwe lini?

Wengine husema soma historia kwanza, wengine husema usiiguse kabisa. Ushauri wangu ni kuisoma baada ya theluthi ya kwanza. Kabla ya hapo itakufanya usome kama mwanafunzi wa mtihani, ukisubiri tukio unalolijua litokee. Ukingoja mpaka mwisho, utakuwa umeyachukulia mambo ya kweli kuwa chumvi ya mwandishi, na hilo ni kosa zito.

Angalia The Reformatory ya Tananarive Due, 2023. Ni Florida ya 1950, enzi za ubaguzi wa rangi. Mvulana mweusi wa miaka 12, Robert, anampiga teke kijana wa kizungu aliyekuwa akimsumbua dada yake, anahukumiwa miezi sita katika shule ya kurekebisha tabia. Humo anaona mizuka ya wavulana waliokufa. Msomaji asiyejua kitu atadhani idadi ya watoto waliokufa imetiwa chumvi. Shule iliyotumika kama kielelezo ilikuwepo, Dozier, katika mji wa Marianna, ilifunguliwa 1900 na kufungwa 2011. Misalaba iliyosimamishwa makaburini ilikuwa 31. Watafiti wa Chuo Kikuu cha South Florida walipochimba walikuta makaburi 55. Robert Stephens, ndugu ya babu wa mwandishi, alifia humo mwaka 1937 akiwa na miaka 15, na jina lake ndilo alilopewa mvulana wa riwaya. Ukilijua hilo ukiwa umefika theluthi moja, kila mzuka unaotokea baada ya hapo una jina na mama yake nyumbani.

Neno la mwandishi mwishoni mwa kitabu liache liwe mwisho. Mara nyingi lina taarifa zinazoharibu mwisho wa hadithi.

Kasi, usiku na mwili wako

Kurasa 40 hadi 60 kwa kikao zinatosha. Chini ya 20 taharuki haijengeki, na majina yanakutoka kabla hujarudi. Theluthi ya mwisho ipe kikao kimoja kirefu ukiweza, mchana wa siku ya mapumziko, kwa sababu fichuo za ukoo huja kwa mfululizo na zikikatizwa zinapoteza uzito.

Usifunge kitabu kwenye kilele cha kitisho kisha ukazima taa. Akili itaendelea kuandika sura inayofuata bila msaada wa mwandishi, na hiyo ya akili huwa mbaya zaidi. Soma mpaka tukio litue, ongeza kurasa mbili tatu za utulivu, ndipo ufunge.

Kitabu cha sauti kinafaa kwa hadithi yenye msimulizi mmoja. Kwa riwaya yenye nyaraka na miaka inayorukaruka, tarehe ya juu ya sura inakupita ukiwa unafikiria jambo jingine, na kurudi nyuma kutafuta ni taabu. Ukisoma kwenye simu au kishikwambi, jihadhari na kutafuta jina la mhusika ndani ya kitabu: matokeo hukuonyesha mistari ya mbele pia, na mstari mmoja ukishauona hauwezi kuuondoa kichwani.

La mwisho katika hili ni zito. Riwaya za siri za ukoo hugusa vifo vya watoto, kubakwa, ukatili wa wazazi, kujiua. Mzuka unaweza usikutishe hata kidogo, lakini sura moja ya mama anayemnyima mtoto wake ukweli ikakulaza macho usiku mzima kwa sababu unamjua mama kama huyo. Tazama tahadhari ya maudhui kabla ya kuanza. Waandishi wengi wa sasa huiweka kwenye kurasa za kwanza au kwenye tovuti zao. Haiharibu hadithi. Aliyefiwa karibuni asianze na hadithi ya kugawa vitu vya marehemu, hata kama kila mtu anaisifu. Na kuacha kitabu katikati ni haki ya msomaji, hakuhitaji maelezo kwa mtu.

Mwisho unapokuvunja moyo

Malalamiko ya kawaida ni kwamba mwisho umeeleza mno au haukueleza kabisa. Kabla ya kutoa hukumu, chukua robo ya nne ya karatasi yako. Mangapi kati ya maswali yale yamejibiwa? Kama yaliyobaki yote ni ya namna ya "mzuka ulipitaje ukutani", mwandishi amefanya kazi yake. Hayo si maswali ya ukoo. Kama limebaki swali la nani alinufaika na ukimya, una haki ya kulalamika. Kisha rudi usome kurasa 10 za mwanzo. Dakika 15 zinatosha. Katika riwaya iliyojengwa vizuri, sentensi tatu au nne ulizozipita kama maelezo ya mandhari sasa zitasimama na kukutazama. Zisiposimama, basi siri iliokotwa njiani na mwandishi naye hakuijua alipoanza, na sasa umejua kwa nini mwisho haukukaa.

Pa kuanzia

Ukiwa mgeni kabisa, anza na Mexican Gothic, au Bad Cree ya Jessica Johns, 2023, ambayo ni fupi na ina jambo adimu katika aina hii: mwanamke kijana wa taifa la Cree, wenyeji asilia wa Kanada, anasumbuliwa na ndoto zinazomwachia vitu halisi mkononi, na badala ya ukoo kuficha mpaka mwisho, wanawake wa familia yake wanakaa chini na kuambiana. Ni vizuri kuona mapema kwamba ukimya unaweza kuvunjwa bila nyumba kuungua. Kisha How to Sell a Haunted House, uzoee kumbukumbu zinazogongana. The Reformatory ina kurasa zaidi ya 500 lakini inasomeka kwa mstari mmoja, kaka ndani na dada nje, kwa hiyo haikupotezi. The Buffalo Hunter Hunter ifuate baada ya hapo, ukiwa umezoea kumuuliza kila msemaji ameshika kalamu ya nani. Our Share of Night iache iwe ya mwisho, uitengee wiki tatu, na siku hiyo badala ya A4 chukua A3.